Masizi hayafichwi kwa chokaa

Wadau, leo naomba tuzungumzie masizi. Ndiyo, masizi! Nyumba ikiungua, magazeti yanaandika siku ile: wamekufa wangapi, hasara kiasi gani, chanzo nini. Kesho yake kuna habari nyingine. Kwa mwenye nyumba, kesho yake ndipo kazi inapoanza.

Mnaikumbuka Kitaya? Ni kijiji cha Mtwara, jirani na Mto Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Tarehe 14 Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, wapiganaji kutoka Msumbiji walivuka, wakaua watu na kuchoma nyumba. Siku chache baadaye IGP wa wakati huo, Simon Sirro, alithibitisha na kusema wavamizi walikuwa kama 300. Mjadala wote ukawa wa usalama, na ilistahili. Ila hebu jiulize: mtu aliyekimbia na watoto, akirudi akakuta kuta zimesimama lakini nyeusi tii, aanzie wapi?

Jibu la haraka ni maji, sabuni na chokaa. Hapo ndipo kosa lilipo.

Masizi si vumbi la kawaida. Ni chembe ndogo mno za kaboni zenye mafuta na kemikali ndani yake. Tangu mwaka 1775, daktari wa London aitwaye Percivall Pott alionyesha kwamba masizi yalikuwa yakiwapa saratani wasafisha dohani. Ukiyamwagia maji kwanza, yanakuwa uji mweusi unaozama kwenye plasta. Hakikisha kwanza kwamba kuta na paa haviwezi kukuangukia. Fungua milango na madirisha, vaa barakoa na glovu, ondoa masizi yakiwa makavu kwa brashi laini. Ndipo ufute kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukiyabadilisha kila yakichafuka. Ukuta wa udongo haufutiki. Kwangua tabaka la juu, ukandike upya. Ukipaka chokaa juu ya masizi, doa litajitokeza tu, na masika yakifika harufu ya moshi inarudi. Chakula kilichopigwa na moshi, tupa. Najua inauma, hasa kama ndicho kilichobaki.

Sasa, nani anafagia? Mara nyingi ni akina mama, mtoto yuko mgongoni, khanga imefungwa puani. Barakoa ataitoa wapi?

Mtasema: watu wamezika ndugu zao, wewe unaleta habari za brashi? Ndiyo, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyenusurika na moto hapaswi kuendelea kuuvuta mapafuni kwa wiki nzima akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hoja yangu ni ndogo. Msaada wa maafa tunaoujua ni unga, mablanketi na maturubai. Tuongeze barakoa, glovu, brashi, ndoo na sabuni, pamoja na mtu wa Zimamoto wa kukaa na wanakijiji asubuhi moja awaonyeshe namna ya kusafisha. Haya hayahitaji bajeti ya mabilioni wala mfadhili kutoka Ulaya. Kamati za maafa za wilaya zinaweza kuyaweka stoo leo, kabla moto mwingine haujawaka, iwe Kitaya au Kariakoo.

Naomba kutoa hoja.