Kabla ya Kubomoa Soko, Tupeni Barua ya Kurudi

Ndugu zangu, kuna neno moja ambalo likitamkwa mbele ya umati hakuna anayethubutu kulipinga. Neno hilo ni "maendeleo". Waambie watu soko lao litabomolewa, watakuja juu. Waambie soko lao litaendelezwa, watapiga makofi. Na baada ya makofi, tingatinga ni lile lile.

Mjomba wangu aliuza leso na nguo za watoto kwa zaidi ya miaka ishirini katikati ya mji mmoja hapa Pwani. Mji wenyewe siutaji, maana sikuja hapa kumpaka mtu matope, na kisa chake si cha mji mmoja. Kuingia pale sokoni alilipa kilemba kwa aliyemtangulia, pesa alizozipata kwa kuuza kipande cha shamba la minazi. Leseni alikata kila mwaka, na kodi ya kibanda hakuwahi kuikosa. Kisha siku moja wakaja watu na picha kubwa za rangi: soko la ghorofa, ngazi, taa, vyoo vya kisasa, mahali pa kuegesha magari. Wakaambiwa wapishe kwa miezi minane tu. Mjomba alipouliza habari ya kurudi, akajibiwa kwa upole kabisa, "Mzee wetu, usijali. Nafasi yako ipo."

Akafunga majora yake, akahamia uwanja wa pembeni mwa mji, ambako matatu hazipiti na jua ndilo paa. Miezi minane ikazaa miaka mitatu. Soko lilipofunguliwa, orodha ya wenye vibanda ikabandikwa ukutani. Mjomba aliisoma mara mbili, akamwita kijana amsomee mara ya tatu. Jina lake halikuwemo. Yalikuwemo majina ambayo pale sokoni hakuna aliyewahi kuyasikia. Alipokwenda kuuliza, aliulizwa swali moja tu: "Una barua?"

Hakuwa na barua. Alikuwa na bahasha imejaa risiti za miaka ishirini, na ahadi ya mdomo.

Nimeandika haya kwa sababu kila mara wafanyabiashara wadogo wanapokataa kuhama, wanaitwa wapinga maendeleo. Ati hawataki mji upendeze. Ati wamezoea uchafu. Hebu tuambiane ukweli: nani aliye na duka linalovuja asiyetaka paa jipya? Mama mboga anayesimama kwenye matope kuanzia alfajiri, yeye hataki sakafu? Wanachokataa si jengo. Wanakataa kutoka bila kujua kama watarudi, watarudi lini, na kwa kodi gani.

Na tuseme haki pande zote. Masoko yetu mengi yamechoka. Mitaro imeziba, nyaya za umeme zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo, na njia zimebanwa hata gari la zimamoto haliwezi kupita. Tarehe 28 Juni 2018 moto uliwaka Gikomba, Nairobi, na watu 15 wakapoteza maisha. Anayesema masoko ya zamani yabaki jinsi yalivyo hajui anachokisema. Kwa hivyo hatubishani kama tujenge. Tunabishana tujenge vipi, na tumjengee nani.

Wenye ramani mara nyingi hawaelewi soko ni kitu gani. Wao wanaona vibanda. Wakihesabu vibanda mia tatu, wanadhani wakijenga vingine mia tatu mahali pengine wamelihamisha soko. Lakini soko ni watu na kuaminiana kwao. Muuza leso anakaa karibu na muuza leso mwenzake kwa sababu bibi harusi anataka kulinganisha. Fundi cherehani yuko hapo kwa sababu duka la vitambaa liko hapo. Hamali na mwenye mkokoteni wanaishi kwa sababu malori yanashusha pale pale kila alfajiri. Na wengi wanaanza biashara kwa mali kauli: unapewa mzigo leo, unalipa ukiuza, na dhamana yako ni kwamba unajulikana na kibanda chako kinajulikana. Ukihamishwa, anayekukopesha hajui atakupata wapi. Wateja waliokuwa na deni nao wanapotea. Mtaji wa mtu wa miaka ishirini unayeyuka bila mtu kuugusa, na hakuna mthamini anayeuandika kwenye karatasi ya fidia.

Mifano tunayo. Soko la Muthurwa, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi watoke katikati ya jiji. Wengi walirudi barabarani, na mchezo wa kukimbizana na kanjo haujaisha mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu mchuuzi anamfuata mteja, na mteja hakuhamia Muthurwa. Ukaja mpango wa kuinua uchumi, ESP, ulioanzishwa mwaka 2009, nao ukajenga masoko ya mazao katika maeneo bunge mbalimbali. Baadhi yalikaa miaka bila kutumika, milango imefungwa na nyasi zinaota, huku kina mama wakiendelea kuuza nyanya kando ya barabara. Pesa ya umma ilitumika. Mkandarasi alilipwa. Utepe ulikatwa. Lakini mwenye nyanya hakuulizwa.

Na si kwetu tu. Kule London mashariki kuna soko liitwalo Queen's Market, Upton Park, mtaa wenye Waislamu wengi, Waasia na Waafrika. Halmashauri ya Newham ilishirikiana na kampuni ya ujenzi kutaka kulijenga upya, na ndani yake liwekwe duka kubwa la Asda. Wenye vibanda hawakulia tu. Walisimama pamoja na wateja wao, wakakusanya saini, na hesabu ikaletwa mezani: utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kapu la manunuzi pale sokoni lilikuwa nafuu kwa asilimia 53 kuliko Asda. Mwaka huo huo Asda ikajitoa. Mpango ukarudi na sura nyingine, safari hii na jengo la ghorofa 31, na mwaka 2009 Meya wa London akaagiza ukataliwe. Funzo langu hapo ni hili: walioshinda hawakusema "tuhurumieni". Walionyesha kwamba soko likifa, atakayeumia ni mnunuzi maskini.

Sasa turudi nyumbani. Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, katika Nyongeza ya Nne, imewapa kaunti kazi ya masoko na mipango ya miji. Kifungu cha 10 kimeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na Mahakama ya Juu mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, ilisema ushiriki huo lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi. Kuwaita watu ukumbini, kuwapa soda, kuwasainisha karatasi ya mahudhurio kisha kuwaambia uamuzi umeshapita, huko si kushirikisha. Watu wa Lamu wanalijua hili vizuri. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi mkubwa kiasi kile ulisimamishwa na wavuvi na wakulima waliosimama na karatasi zao.

Lakini kuna shimo moja ambalo wenye vibanda wengi hawalijui, na nataka ulisome polepole. Sheria ya Sura ya 301 inamlinda mpangaji wa duka. Kama umekodi duka kwa mtu binafsi na huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako si wa zaidi ya miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kukutoa hivi hivi. Lazima akupe notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na wewe unaweza kwenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kupinga. Ila sheria hiyo hiyo imeuweka nje upangaji wowote ambao serikali au mamlaka ya mji ni upande mmoja. Yaani mwenye duka la mtu binafsi pale ng'ambo ya barabara ana ngao. Wewe uliye ndani ya soko la kaunti, ngao hiyo huna.

Ndiyo maana nasema barua ndiyo kila kitu. Dini yetu ilitangulia kutufundisha haya: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Wazee wetu nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa iweje tunaandikiana deni la shilingi elfu mbili, halafu tunatoa riziki ya ukoo mzima kwa "usijali, mzee wetu"?

Kwa hivyo kabla ya tofali la kwanza kuanguka, katika mji wowote, wenye soko wadai karatasi nne.

Ya kwanza, orodha ya wafanyabiashara waliopo, iliyohesabiwa hadharani na kubandikwa ukutani kabla ya kuhama. Orodha inayotoka baada ya ujenzi ni mlango wa wizi.

Ya pili, mahali pa muda. Pawe na maji, vyoo na njia ya matatu, na tarehe ya kumaliza iandikwe. Ikipita, kodi isimame mpaka soko lifunguliwe.

Ya tatu, barua ya kurudi yenye jina la kila mmoja, nambari ya kibanda na kiwango cha kodi kwa miaka ya mwanzo. Kumrudisha mtu kwenye kibanda asichoweza kukilipia ni kumfukuza kwa adabu.

Ya nne, ratiba ya kujenga kwa awamu. Upande mmoja ujengwe, mwingine uuze, kila panapowezekana. Mteja asipoteze njia.

Wakikataa kutoa hizo karatasi, njia zipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba mkataba, ramani na bajeti, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, aliyeguswa na uamuzi wa kaunti kuhusu kibali cha ujenzi ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya upatanishi wa mipango. Siku 14 ni chache, bwana. Ukisubiri tingatinga ndipo umtafute wakili, umechelewa. Na Kifungu cha 40 kimeacha mlango wa fidia hata kwa aliyekaa kwa nia njema kwenye ardhi inayotwaliwa bila kuwa na hati miliki. Asije mtu akakwambia "huna hati, huna haki".

Nimalizie na sisi wenyewe, maana lawama zote haziwezi kwenda upande mmoja. Tangazo la mkutano likitoka, tunasema tuna wateja. Kamati ya soko tunaichagua kwa undugu, halafu tunashangaa mwenyekiti akipata vibanda vitano. Wengine wetu tuna kibanda kwa jina letu lakini tumemkodisha mtu mwingine kwa bei mara tatu. Siku ya kuhesabiwa tunamwambia ajifiche. Huyo naye ni mfanyabiashara, naye ana watoto. Tukidai haki ya juu huku tukinyima haki ya chini, atakayetugawanya hatapata kazi yoyote.

Na kwa kamati za misikiti: katika miji yetu ya zamani yako maduka ya wakfu, na kodi yake ndiyo inayolipa maji ya udhu na mshahara wa mwalimu wa madrasa. Mpango wa katikati ya mji ukija, msifikiri ni habari ya wachuuzi peke yao. Kaeni nao meza moja.

Mjomba wangu sasa anauza leso chache barazani kwake. Wateja wa zamani wakimtembelea humwambia soko jipya zuri sana, lina ngazi za vigae. Yeye hakasiriki. Huwajibu, "Ndiyo, nililiona kwenye picha."

Wewe uliye bado ndani ya soko, wiki hii fanya jambo moja. Toa risiti zako zote, zipige picha, kisha mwulize mwenyekiti wenu kama jina lako liko kwenye daftari lolote. Kama haliko, anzia hapo. Ahadi ni deni, na deni huandikwa.