Leaf au Prius: Lipi Litampunguzia Mama Kazi?

Mama msomaji, huenda wewe na mumeo mnafikiria kununua gari lisilokula petroli nyingi. Majina mawili hutajwa mara kwa mara: Nissan Leaf, lililotoka mwaka 2010 na hutumia umeme peke yake, na Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Akina baba huuliza bei na mafuta. Nasi tuulize: litatufaaje siku nzima, tukiwa na watoto na vikapu?

Leaf huondoka kimya, hata mtoto aliyelala haamki. Prius nalo hutulia likienda polepole, lakini ukiongeza mwendo injini huwaka. Hata hivyo, utulivu huo una hatari. Mtoto anayecheza uani huenda asilisikie gari likirudi nyuma. Lizunguke kwanza, ndipo uingie.

Kuhusu joto, Leaf likiwa limechomekwa nyumbani waweza kulitegea saa, likapoa kabla hamjatoka. Baadhi ya Prius zilizotengenezwa kuanzia 2009 zina paneli za sola juu ya paa, ambazo huendesha feni ya kutoa hewa ya moto gari likiegeshwa juani. Lakini kamwe usimwache mtoto ndani.

Kwa mizigo, Prius lina nafasi zaidi nyuma. Ila pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupozea betri. Usilizibe kwa blanketi wala mfuko wa nepi.

Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24. Huko Marekani zilikadiriwa kwenda kilomita 117 hivi zikiwa mpya. Lililotumika huenda pungufu, kwani betri huchoka, hasa penye joto kali. Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijistari 12 vya uwezo wa betri. Vihesabu kabla ya kulipa!

Jambo moja zaidi. Prius likisimama laweza kunyamaza kabisa, kumbe halijazimwa, na injini ikawaka yenyewe baadaye. Katika gereji iliyofungwa, moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Hakikisha taa iliyoandikwa READY imezimika kabla ya kushuka.

Basi, tuchague lipi? Kama mna mahali penu pa kuegesha, soketi iliyofungwa na fundi mwenye ujuzi, na safari zenu ni za shule, soko na kazini, Leaf litakupumzisha: utalichaji usiku mkiwa mmelala. Kama mnaishi ghorofani pasipo soketi, au huenda kijijini mara kwa mara, Prius litawafaa zaidi. Kaeni pamoja, mwandike safari zenu zote za wiki moja. Karatasi hiyo itawashauri vizuri kuliko muuzaji.