Askari Aweza Kutunga Programu, Lakini Asiuze Kiinua Mgongo Chake kwa Ahadi

Kila mwaka wapo askari wa jeshi na wa polisi wa Uganda ambao huvua sare na kurudi uraiani. Wengi wao huondoka wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi, wana watoto shuleni, na mkononi wana kiinua mgongo ambacho hawatakipata mara ya pili. Swali la zamani ni hili: askari huyu afanye kazi gani? Majibu tuliyoyazoea ni shamba, duka, boda boda, na ulinzi wa mabenki na maghala. Siku hizi limeongezeka jibu jingine, nalo lasemwa kwa sauti kubwa: ajifunze kutunga programu za kompyuta kwa muda wa miezi michache, naye atapata mshahara mnono hata kama hakusoma sayansi.

Sisi twaona kwamba jibu hilo lina ukweli ndani yake, na lina hatari pia. Ukweli ni kwamba kazi hiyo haikuumbwa kwa ajili ya wahandisi peke yao. Hatari ni kwamba ukweli huo umegeuzwa kuwa bidhaa, na anayelengwa na wauzaji ni mtu mwenye fedha taslimu ambaye hana mazoea ya soko. Mtu huyo mara nyingi ni askari aliyestaafu jana.

Tuanze na ukweli. Programu ni orodha ya amri zinazopewa mashine, moja baada ya nyingine, kwa maneno yasiyoweza kufahamika kwa namna mbili. Askari aliyewahi kushika lindo alijua jambo hili kabla hajaiona kompyuta. Huambiwa: simama hapa tangu saa hii hadi saa ile, akija mtu, msimamishe, akitoa neno la siri, mruhusu, asipolitoa, mwite kamanda wa lindo. Ndani ya amri hizo fupi mna mfuatano, mna sharti lenye njia mbili, na mna kurudia kazi ile ile hadi zamu iishe. Mambo hayo matatu ndiyo mifupa ya kila programu, iwe ndogo au kubwa.

Tutoe mfano wa kituo cha polisi. Katiba ya Uganda, katika kifungu cha 23, yaagiza kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama hakuachiliwa mapema. Zamu inapobadilika, anayeingia hupekua kitabu ili ajue ni nani amekaribia kutimiza saa hizo. Programu ndogo yaweza kuifanya kazi hiyo: husoma saa aliyokamatwa kila mahabusu, huitoa katika saa ya sasa, na kama saa 40 zimekwisha kupita, huliweka jina lake juu ya orodha. Mtu aliyejifunza kwa miezi michache aweza kuiandika.

Lakini hebu tutazame mahali palipo na ugumu. Mtu amekamatwa wilaya moja asubuhi, akaletwa kituo cha wilaya nyingine usiku. Saa zihesabiwe tangu lini? Kijana aliyetoka chuo kikuu na shahada yake atachukua saa iliyoandikwa kitabuni mtu alipopokewa, kwa kuwa ndiyo aionayo. Konstebo ajua kwamba Katiba huhesabu tangu kukamatwa, si tangu kuandikwa. Programu ya kijana itakwenda bila kusita, nayo itamweka mtu ndani kinyume cha sheria. Programu ya konstebo itakuwa ya haki. Tofauti baina yao haikutokana na hesabu wala umeme, bali na kuijua kazi yenyewe.

Hilo ndilo tunalotaka kulisisitiza. Askari asiye na elimu ya ufundi haingii katika kazi hii mikono mitupu. Mtaji wake ni ile kazi aliyoifanya kwa miaka kumi au ishirini: orodha za zamu, daftari la ghala, hesabu ya mafuta ya magari, mgawo wa chakula, kitabu cha matukio. Akiuacha mtaji huo nyuma na kwenda kushindana na vijana katika mambo wanayoyajua wao, atashindwa. Akiuchukua pamoja naye, atakuwa na kitu ambacho wao hawana.

Historia ya kazi hii yathibitisha maneno yetu. Mwaka 1945 wanawake sita walichaguliwa nchini Marekani kuipangia kazi mashine iliyoitwa ENIAC, ambayo jeshi lilikuwa limeiagiza katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ili ikokotoe majedwali ya kulengea mizinga. Mmoja wao, Betty Snyder, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Betty Holberton, alikuwa amesomea uandishi wa habari. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha kazi hiyo, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa haijapata kuwako. Walijifunza kwa kuichunguza michoro ya mashine. Mwaka 1951 mama huyo alitengeneza programu ya kupanga kumbukumbu kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC. Mwaka 1959, baada ya mkutano uliofanyika Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi ya nchi ile, alikuwa miongoni mwa waliotunga lugha ya COBOL, iliyokusudiwa kwa shughuli za ofisi.

Lakini tusiisome habari hiyo nusu nusu. Kabla ya kuigusa ENIAC, Holberton alikuwa ameajiriwa kukokotoa mapito ya makombora kwa mkono, kwa msaada wa mashine ndogo za hesabu. Mashine kubwa ilipofika, yeye alikwisha kuijua kazi ambayo mashine ililetwa kuifanya. Kwa hiyo shahada ya uandishi wa habari haikumzuia. Aliingia kwa mlango wa kazi aliyoijua.

Sasa tugeukie hatari. Wanaotangaza mafunzo ya haraka huzungumza kana kwamba kazi zimejaa njiani zikingoja wa kuziokota. Hali sivyo ilivyo. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza kuwaachisha kazi watu 11,000, na Januari 2023 kampuni mama ya Google ilitangaza kuwaachisha watu 12,000. Wapo miongoni mwao waliokuwa watunga programu wenye uzoefu wa miaka mingi, nao walijikuta wakitafuta kazi zile zile ambazo mwanafunzi wa miezi mitatu huahidiwa.

Isitoshe, tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa ChatGPT kwa watu wote, mashine zenyewe zimekuwa zikiandika programu. Kazi ndogo ndogo zilizokuwa zikipewa mwanagenzi ili ajifunzie, siku hizi aweza kupewa mtambo. Je, maana yake ni kwamba askari asijisumbue? Hatusemi hivyo. Mtambo huandika upesi, lakini haujui kwamba saa za mahabusu huhesabiwa tangu kukamatwa mpaka uambiwe, na unapokosea hukosea kwa lugha ya kujiamini. Yahitajiwa mtu wa kuuamuru sawasawa na kuikagua kazi yake, kama vile askari asivyopokea bunduki kutoka ghalani pasipo kuifungua na kuitazama. Hata hivyo, hawezi kuikagua kazi hiyo mtu asiyejua kuisoma. Ndiyo maana kujifunza kungali na faida, ijapokuwa faida yake si ile inayotangazwa.

Tuna funzo jingine la hapa nyumbani. Kati ya mwaka 1992 na 1995 serikali yetu ilipunguza jeshi, na askari wapatao 36,000 walirudishwa uraiani kwa fedha na vifaa vya kuanzia maisha. Mchumi Paul Collier, aliyeichunguza hatua ya kwanza ya kazi hiyo, aliona kwamba askari aliyekuwa na ardhi ya kurudia hakuongeza uhalifu alikokwenda. Mashaka yalikuwa kwa yule asiye na ardhi. Twajifunza kwamba haitoshi kumpa mtu fedha na zana. Sharti awe na mahali pa kuzitumia. Kwa anayetaka kutunga programu, ardhi hiyo ni shughuli aijuayo na watu wanaomwamini katika shughuli hiyo. Sajini aliyepanga zamu za lindo kwa miaka mingi akienda kwenye kampuni ya ulinzi, ambayo nayo hupanga zamu na kugawa silaha kila jioni, atasikilizwa. Koplo aliyeshika hesabu za mikopo ya wenzake ana neno la kuuambia ushirika wa akiba. Hao ndio wateja wa kwanza, wala hawako ng'ambo.

Kwa sababu hiyo twamshauri askari aanze akiwa bado kazini, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuondoka, wakati mshahara ungali unaingia. Saa moja kila jioni asipokuwa zamu yatosha kwa kuanzia. Asiogope Kiingereza cha lugha za programu. Lugha ya Python, ambayo wanaoanza wengi huitumia, ina maneno yake ya msingi 35 tu, nayo hutumika bila intaneti ikisha kuwekwa katika kompyuta. Masomo ya bure yapo: freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, mtu aliyekuwa mwalimu na mkuu wa shule kabla ya kujifunza programu, haitozi ada, na Chuo Kikuu cha Harvard kimeliweka somo lake la kwanza la kompyuta wazi kwa kila mtu. Gharama itakayobaki ni kompyuta iliyokwisha tumika na fedha ya intaneti. Basi mtu asitoe shilingi ya kiinua mgongo kabla hajajaribu kwa miezi sita na kutengeneza kitu kimoja kinachofanya kazi. Akiona kazi hii haimpendezi, atakuwa amepoteza jioni zake tu, na nyumba yake itakuwa salama.

Hapa twaongeza onyo ambalo raia hahitaji kuambiwa sana, bali askari lazima aambiwe. Mazoezi yafanywe kwa majina na namba za kubuni. Hesabu ya silaha, mpango wa lindo, majina ya mahabusu na ya walalamikaji si mali ya mwanafunzi, wala yasiingizwe katika kompyuta yake, wala yasiulizwe kwa mitambo iliyo ng'ambo. Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yatuhusu sote, na kiapo cha utumishi kilitangulia sheria hiyo. Askari anayejifunza kazi mpya kwa kuvujisha siri za kazi ya zamani hajajifunza kitu.

Mzigo huu usiachiwe askari peke yake. Tunayo mambo matatu ya kuwaomba wakubwa. La kwanza, chumba kimoja katika kila kambi kubwa na kila makao ya polisi ya mkoa, chenye kompyuta chache na saa maalumu za jioni, ili wenye nia wajifunze kwa pamoja na kusaidiana. La pili, mafunzo hayo yaelezwe kwa Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na ndiyo ambayo askari amefundishiwa gwaride, silaha na nidhamu. Mtu aliyeweza kuvunja na kuunganisha bunduki kwa maelezo ya Kiswahili, ataelewa kwa Kiswahili sharti ni nini na kurudia ni nini.

La tatu ndilo zito zaidi. Ikiwa serikali au ushirika wa askari utalipia masomo ya wanaostaafu, shule zilipwe kwa matokeo. Nchini Marekani ulikuwako mpango wa namna hiyo kwa askari waliostaafu, uliojulikana kwa jina la VET TEC, ulioanza mwaka 2019 na kuacha kupokea maombi mwaka 2024. Katika mpango huo shule ililipwa robo ya ada mwanafunzi alipoanza, robo nyingine alipomaliza, na nusu iliyobaki ililipwa baada ya yeye kupata kazi inayolingana na masomo yake. Utaratibu huu waweza kutumika hata na mtu mmoja mmoja. Askari aiulize shule: je, mtakubali kungojea nusu ya ada hadi nipate kazi? Shule inayoahidi mshahara mnono kwa kinywa, huku ikidai fedha zote siku ya kwanza, imekwisha kujibu.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hatumkatazi askari kuinama. Twataka ajue kwanza kilichomo mvunguni, na ni nani aliyemwambia kwamba kimo. Kazi ya kutunga programu i wazi kwa konstebo na kwa koplo kama ilivyokuwa wazi kwa mwandishi wa habari mwaka 1945. Aanze sasa, aanze kidogo, abebe kazi anayoijua, na kiinua mgongo chake kibaki benki mpaka apate ushahidi.