Mifupa na Viungo: Twende kwa Nani?

Mwezi huu tuzungumze juu ya mifupa. Huku kwetu Kigoma kijana akianguka kutoka juu ya mchikichi na mkono ukapinda, ubishi huanza pale pale. Bibi anamtaja fundi wa kuunga mifupa huko Ujiji, mwenye mkono mwepesi. Baba anahesabu fedha. Mama amekaa na mtoto anayelia.

Hatuwadharau mafundi hao. Wapo wenye huruma kuliko wauguzi wengine. Lakini fundi haoni ndani ya nyama, na akikaza vijiti mno, damu haipiti. Basi mama, tazama vidole. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungua kamba saa ile ile umpeleke mtoto hospitali. Usingoje kupambazuke, kwani mkono unaweza kufa kwa saa chache tu. Na mfupa uliotoboa ngozi si kazi ya fundi hata kidogo.

Mlango wa kwanza ni picha ya eksirei. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ipo hapa hapa mjini. Kazi ikiwa kubwa, daktari ataandika barua ya rufaa, pengine kwenda Bugando kule Mwanza, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo msipande treni kwa kusikia sifa za daktari tu. Shikeni barua, picha, na siku ya kliniki iliyothibitishwa.

Wala si kila maumivu ni ya daktari wa upasuaji. Mgongo wa mama anayeinama kutwa akianika dagaa Kibirizi mara nyingi hutaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo, si kisu. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu, muone daktari wa magonjwa ya ndani. Vidonge vya maumivu vya dukani, vikimezwa kila siku kwa miezi, huumiza tumbo na figo.

Jambo moja ni la haraka kuliko yote: mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, au asiyetaka mguu wake uguswe. Huenda kuna usaha ndani ya mfupa. Usimkande, usimchue, hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Na mtoto aliyezaliwa nyayo zimegeukia ndani? Hakurogwa, wala mama hakukosea kitu. Ulizia kliniki ya nyayo zilizopinda tangu majuma ya kwanza. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila juma, mara tano au sita hivi, na wengi hukatwa kano ya kisigino. Kisha huvaa viatu maalumu, mwanzoni karibu mchana na usiku, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afike kama miaka minne. Hapo ndipo nyumba nyingi hulegea, maana mtoto analia na baba anataka kulala. Vikiachwa mapema, mguu huanza tena kupinda.