Hasara Haimfundishi Asiyeipigia Hesabu

Na Gitonga Murithi

Wajasiriamali wetu huambiwa kila mara kwamba kuanguka ni mwalimu, na kwamba aliyefilisika bila kukata tamaa amekwisha kukomaa. Kauli hiyo inatia moyo, lakini haijakamilika. Hasara peke yake haifundishi. Anayefundishika ni yule anayeketi na daftari lake, akatenga sehemu iliyotokana na uamuzi wake na sehemu iliyoletwa na mambo asiyoyamudu. Faida nayo inastahili ukaguzi huohuo, ingawa ni wachache wanaoikagua mfuko ukiwa umejaa.

Ushahidi tunao hapa Meru, katika biashara ya miraa. Uholanzi iliipiga marufuku mwanzoni mwa 2013. Julai mwaka huo, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Theresa May, akatangaza kwamba nchi yake ingefanya vivyo hivyo, ijapokuwa baraza la kumshauri kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza kinyume. Marufuku ikaanza kutekelezwa Juni 24, 2014. Mfanyabiashara wa Maua au Laare aliyekuwa akituma mzigo London hakugeuka mzembe siku hiyo. Na alipokuwa akivuna faida, haikuwa kwa bidii yake pekee. Soko lilikuwa mikononi mwa serikali asiyoipigia kura. Tegemeo kubwa likabaki Somalia, nayo ikasimamisha ndege za miraa Machi 2020 na kuziruhusu tena Julai 2022. Pigo la Uingereza lilikuwa vigumu kulikwepa. La Somalia liliwakuta wengi katika hali ileile: mnunuzi mkubwa mmoja, ng'ambo ya mpaka, awezaye kufunga soko kwa amri. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Yupo atakayejibu kwamba namwonea mkulima. Miraa hupoteza ubora ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, kwa hiyo masoko yake ni ya kuhesabu, na mwenye ekari moja Igembe hana pa kutafuta mnunuzi mwingine. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inaonyesha mahali uamuzi wake ulipo. Asiyeweza kuchagua soko bado anaweza kuchagua faida ya mwaka mzuri iende wapi: kwenye ng'ombe wa maziwa, chai, akiba ya sacco, au gari la pili la kubebea miraa ileile. Gari hilo humfanya aonekane amekua, kumbe limeongeza uzito juu ya nguzo moja.

Wengine watahofia kwamba kuyataja mambo ya nje ni kumpa mvivu kisingizio. Mimi naona kinyume. Anayejilaumu kwa kila kitu hukata tamaa, na anayelaumu serikali kwa kila kitu hukaa kungoja. Anayetenganisha mambo hayo mawili ndiye hupata kazi ya kufanya kesho yake. Hata sheria yetu inakubali kwamba mwanadamu huhitaji nafasi ya kuanza upya: Sheria ya Ufilisi ya 2015 inampa mdaiwa asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, utaratibu wa kusamehewa madeni hayo baada ya miezi 12. Lakini sheria humwondolea mtu deni tu. Haimwondolei mazoea yaliyomwingiza humo.

Embu imekwisha kupata onyo lake. Mei 2024, Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, akitaja afya ya vijana, na Kilifi ikafuata. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hizo, na wakulima wa Mbeere wakapumua. Agizo la mahakama, hata hivyo, halijajibu malalamiko ya wazazi wa Pwani, na mfanyabiashara makini hawezi kuyapuuza, kwa haki yao na kwa usalama wa biashara yake. Wakati wa kuketi na daftari ni huu, muguka ukiwa bado unanunuliwa. Mjasiriamali aliyekua ni yule anayejua leo, akiwa na faida mkononi, ni nani anayeweza kuifunga biashara yake, na ameandaa nini siku hiyo ikifika.