Vyaelea, Vimeundwa

Tarehe 15 Septemba, 2025, katika uwanja wa taifa wa Tokyo, watu wawili walifika utepeni kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa Alphonce Simbu wa Tanzania, na mwenzake Amanal Petros wa Ujerumani. Walikuwa wamekwisha kukimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na muda wao ulikuwa sawasawa. Ilibidi waamuzi waitazame picha, na picha ikasema kwamba Mtanzania ametangulia kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo waliokuwa nao wakati ule, hiyo ni kama shibiri moja tu. Kwa shibiri hiyo nchi yetu ikapata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Ushindi wa namna hii huzaa maneno mawili vinywani mwa watu. Wako wasemao kwamba ni bahati. Na wako wasemao, hasa huku Visiwani, kwamba mbio ni za watu wa milimani, wamezaliwa nazo, na sisi watu wa pwani tumeumbiwa mengine. Hatukubaliani na maneno yote mawili, wala hatuyaoni kuwa ni ya mzaha. Kama ushindi ni bahati, serikali haina la kufanya. Na kama ni damu, kijana wa Makunduchi au wa Wete hana la kutumaini. Maneno haya humpa kiongozi mvivu udhuru, na humvunja moyo mtoto kabla hajavua viatu.

Hebu tuutazame huo wepesi wenyewe. Sheria za riadha humhesabu mkimbiaji wa mbio fupi aliyeondoka kabla haijapita sekunde 0.1 tangu mlio wa bastola kuwa amefanya kosa, kwa kuwa haisadikiki kwamba mwili wa binadamu unaweza kusikia na kuondoka upesi kuliko hapo. Katika kandanda, mpira wa penalti huwekwa mita 11 kutoka golini, nao ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hufika kwa sekunde 0.4. Mlinda mlango akingoja auone mpira unakokwenda ndipo aruke, ataukuta wavuni. Hana budi kuusoma mguu uliosimama na kiuno cha mpigaji, na kuruka kabla. Elimu hiyo haizaliwi na mtu. Hupatikana kwa kuruka mara elfu na kukosa mara mia nyingi.

Wasomaji wetu wa Visiwani hawajaisahau tarehe 17 Desemba, 2017. Kule Machakos, katika fainali ya Kombe la Chalenji, vijana wa Zanzibar chini ya kocha Hemed Suleiman walitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na wenyeji Kenya. Zikapigwa penalti, na mlinda mlango wa Kenya, Patrick Matasi, akaokoa tatu. Wakenya wakatwaa kombe kwa penalti 3 kwa 2. Usiku ule walikuwapo waliolia, na walikuwapo waliotafuta mkono wa mtu nyuma ya mikono ya Matasi. Lakini kitendo kile kilikuwa kazi ya mtu aliyejifunza kazi yake, nasi tungefanya vema kumpa heshima yake na kuuliza vijana wetu wanajifunzia wapi ya kwao.

Wala si kweli kwamba watu wa visiwa hawana wepesi. Baharia wa ngalawa hangoji kufikiri upepo unapogeuka; mkono wake umekwisha kulegeza demani. Katika mchezo wa ng'ombe wa Pemba, kijana huiona pembe inakuja naye amekwisha kuipisha. Wepesi huo unao ndugu yake bara, kwa mchungaji anayemkwepa fahali kondeni. Kilichowatofautisha hadi leo ni nani alichukuliwa akafundishwa, na nani aliachwa akabaki kushangiliwa kijijini kwao.

Ndiyo sababu leo tunawaomba wasomaji wetu waitazame Basotu. Ni mji mdogo kando ya ziwa la jina hilo, katika Wilaya ya Hanang, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya wafugaji na wakulima wa ngano. Mashariki yake uko mlima Hanang, na chini ya mlima huo ndipo ulipo mji wa Katesh, alikozaliwa Gidamis Shahanga. Jina lake tu, kwa mwanzo wake wa Gida, hutangaza kwamba ni mwana wa Wadatoga. Mwaka 1978 kijana huyo wa miaka 20 alishinda mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton. Mwaka 1982, kule Brisbane, akashinda mita 10,000.

Hakuwa peke yake. Kutoka Mbulu alitoka John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968, mjini Mexico, aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji akaumia vibaya goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kupumzika zaidi ya saa nzima ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza. Na kutoka Karatu, jirani ya Mbulu, alitoka Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari, 1974, kule Christchurch, Bayi aliwaacha wenzake tangu mwanzo wa mita 1,500, jambo ambalo mabingwa wa wakati ule hawakuthubutu, akamshinda John Walker wa New Zealand mbele ya watu wa kwao, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2.

Je, mwinuko wa nchi uliwasaidia? Bila shaka, kwa kuwa hewa nyepesi huuzoeza mwili kazi. Lakini milima ile ipo hadi leo, na hewa ni ile ile. Kama milima ingetosha, medali zisingekatika. Medali mbili za fedha za Moscow mwaka 1980, ya Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kuzileta kutoka Olimpiki, ukihesabu hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024. Nyambui mwenyewe ni mtu wa Majita, ufukweni mwa Ziwa Viktoria.

Kilichokuwapo wakati ule ni njia. Mtoto alianza kukimbia shuleni, akaonekana wilayani, akachukuliwa na jeshi au polisi au shirika la umma, akapewa ajira, chakula na kocha. Bayi alikuwa askari, na Simbu pia ni askari wa JWTZ. Nyambui na Shahanga walipata masomo na mazoezi katika Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso. Njia hiyo baadaye ikaota majani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa kwa kipindi, kisha yakarudishwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 wakati huo hakurudishiwa miaka yake.

Ipo hesabu moja ambayo Basotu inaweza kuwafundisha maofisa wetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, iliazimia kulima ngano katika Hanang, na zikapatikana ekari zipatazo 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarbaig, ambao walifika hadi mahakamani kuzidai. Hatuandiki leo kuamua kesi hiyo. Tunasema tu kwamba serikali ikiazimia jambo, ardhi hupatikana. Njia ya mbio ya mita 400, pamoja na uwanja wa mpira ulio katikati yake, haihitaji zaidi ya ekari 4 au 5. Anayesema kwamba kata haina nafasi ya uwanja hajaitafuta, au ameitafuta akawapa wengine.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wahusika, wa bara na wa Visiwani. Kwanza, viwanja vya shule vipimwe na kupewa hati, ili pasiwe na mtu wa kujenga duka juu ya goli. Pili, kipindi cha michezo kilichomo katika ratiba kifundishwe, badala ya kuliwa na masomo ya mitihani, na kifundishwe na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Tatu, Tamasha la Elimu Bila Malipo huku kwetu, na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA kule bara, yawe mwanzo wa safari. Mtoto akionekana leo, ijulikane kesho anakwenda wapi na nani anamlipia. Wasichana wasiachwe nyuma katika hilo, maana Magdalena Shauri alipomaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 alikwisha kuonyesha kwamba njia hii ni yao pia.

Na kwa wananchi wenzetu wa Visiwani tunalo neno moja. Katika kandanda ya ukanda huu tunacheza kwa jina letu, lakini katika Olimpiki na mashindano ya dunia ya riadha bendera ni moja. Shibiri ile ya Tokyo ilikuwa yetu kama ilivyokuwa ya watu wa Hanang na Singida. Tukiidai furaha yake, tuidai na kazi yake.

Wazee wetu walioishi kwa jahazi walituachia usemi kwamba vyaelea vimeundwa. Aliyesimama ufukweni huona tanga tu likipita kwa uzuri. Seremala ndiye ajuaye mbao zilikatwa lini, na misumari ilipigwa mingapi. Sekunde 0.03 za Tokyo ni tanga. Sisi tunauliza habari za mbao, na swali hili tunalielekeza kwa wale waliokabidhiwa karakana.