Salamabila hadi Bukavu: kilomita ni zile zile, safari imekuwa ndefu

Ukiangalia ramani, Salamabila haiko mbali sana. Kutoka Namoya hadi Bukavu ni kilomita karibu 225 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo yenye kutembea kilomita 300 kwa saa inaweza kumaliza mwendo huo kwa muda usiofika saa moja.

Lakini mtu wa Salamabila hasafiri kwa mstari. Barabara inazunguka milima, inashuka mitoni, na mvua ikinyesha pikipiki inakwama kwenye matope. Ndiyo maana hapa watu hawaulizi ni kilomita ngapi. Wanauliza: utalala njiani mara ngapi?

Upande wa Kindu mambo ni yale yale. Kati ya Kindu na Kasongo, kwa mstari, ni kilomita karibu 185, kama dakika 40 kwa ndege ndogo. Mwenye kwenda kwa njia ya chini, yeye anaanza kwa kuvuka Lualaba, ju uwanja wa ndege na sehemu kubwa ya mji wa Kindu viko ng'ambo ya magharibi, na Kasongo iko ng'ambo ya mashariki. Ndege inapita juu ya mto bila kuuona. Mama mwenye mzigo anangoja mtumbwi.

Tangu mwaka 2025 hesabu imeharibika zaidi. Uwanja wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari. Tarehe 14 Februari M23 waliingia Kavumu, kwenye uwanja wa ndege wa Bukavu, na siku mbili nyuma yake wakawa ndani ya mji. Basi mtu wa Maniema mwenye kutaka ndege anabaki kutazama Kindu, na kutoka kule Kinshasa, kilomita karibu 1,200 upande wa magharibi. Ndugu yake yuko mashariki, lakini yeye safari anaianzia magharibi!

Nani analipa urefu huo? Si dhahabu. Dhahabu inaingia mfukoni, na mwenye kuibeba hazuiwi na daraja lililovunjika. Kwa sababu hiyo machimbo yanaweza kuendelea hata barabara ikifa. Lakini mchele, muhogo, chumvi na dawa haviingii mfukoni. Kila siku inayoongezeka njiani inaongezwa kwenye bei sokoni, na mchimbaji anarudisha pesa yake pale pale kwa kununua chakula. Mama aliyeshindwa kujifungua, akitakiwa kupelekwa hospitali kubwa, hana siku mbili za kungoja matope yakauke.

Kila mara wanasiasa wanazungumzia viwanja vya ndege, na kweli uwanja unasaidia kwa dharura. Lakini tiketi ya ndege si ya kila mtu. Kazi yenye kufupisha safari ya wengi ni ile ndogo isiyopigwa picha: kufungua mifereji kabla ya mvua, kuziba mashimo, kubadilisha mbao za daraja, kuhakikisha usalama njiani.

Kilomita 225 hazitapungua. Kinachoweza kupungua ni siku. Viongozi wakija kuomba kura Kabambare na Kasongo, waulizwe hivyo: siku ngapi mtatupunguzia?